Eneobunge la Pili la Maine: Kwa Nini Walimpa Trump Kura na Bado Wakamrudisha Golden

Msomaji wetu mmoja, Mkongomani kutoka Kivu ya Kusini aliyepata uraia wa Marekani na anayeishi Lewiston katika jimbo la Maine, ameuliza hivi: "Mwaka 2024 nilipiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Baadaye nikasikia kwamba kwetu huku Trump ameshinda, lakini mbunge aliyerudi ni Golden wa chama cha Democratic. Tena matokeo ya ubunge yalichelewa, tukaambiwa karatasi zimepelekwa Augusta, mji mkuu wa Maine, kuhesabiwa upya kwa kupanga wagombea. Je, huku ni eneo la chama gani hasa, na historia yake ikoje?"

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nilifafanue. Watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari wanaofika Lewiston kila baada ya miaka minne, huliita eneo lenu kigeugeu. Mimi naona historia inasema jambo jingine. Katika miaka 102 iliyo kati ya uchaguzi wa 1916 na ule wa 2018, hakuna hata mbunge mmoja wa eneo hilo aliyetetea kiti chake katika uchaguzi mkuu akashindwa. Chama kilibadilika mara nyingi, lakini kila mara kilibadilika wakati kiti kiko wazi, yaani aliyekikalia amekwenda kugombea useneta au ugavana, au ameamua kupumzika. Watu wa huko humpima mtu, na wakishamkubali hawamwachi kwa urahisi. Ukilishika hilo, matokeo ya 2024 hayatakushangaza sana.

Kabla sijaendelea, niweke wazi maneno. Maine ni jimbo. Sehemu ya jimbo inayomtuma mbunge mmoja katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington nitaiita eneobunge, kama wasemavyo Wakenya, ili tusigonganishe majimbo mawili katika sentensi moja. Maine ina maeneobunge mawili tu. La kwanza limeshika Portland na pwani ya kusini. La pili ni karibu nchi yote iliyobaki: Lewiston na Auburn, Bangor, misitu ya katikati, mashamba ya viazi ya kaunti ya Aroostook, na pwani ya mashariki ya wavuvi wa kambakoche. Ndilo kubwa kuliko yote yaliyo mashariki ya mto Mississippi, zaidi ya kilomita za mraba 70,000, hivyo ukiziweka Rwanda na Burundi pamoja hazilifikii. Lakini watu wake ni takribani 680,000 tu, na zaidi ya theluthi mbili yao wanaishi vijijini na katika miji midogo sana. Kutoka kwako Lewiston hadi Fort Kent, kwenye mpaka wa Kanada, ni mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari, na sehemu kubwa ya njia utaona miti tu.

Umbo hilo la sasa lilianza na uchaguzi wa 1962. Maine ilipokuwa jimbo mwaka 1820, baada ya kujitenga na Massachusetts, ilikuwa na wabunge wengi zaidi. Kadiri watu walivyohamia magharibi mwa Marekani viti vikapungua, kutoka vinane katika miaka ya 1830 hadi vinne miaka ya 1880, vikawa vitatu miaka ya 1930, na hatimaye viwili. Kwa hiyo ninapotaja eneobunge la pili la miaka ya 1900 na 1940, usifikirie Bangor wala Aroostook. Lilikuwa la Lewiston, pamoja na kaunti za jirani na sehemu ya pwani. Lewiston, mji wako, ndio uzi unaounganisha historia hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa muda mrefu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kiti hiki kilikuwa cha Republican bila mjadala. William Frye wa Lewiston alikishika kuanzia 1871 hadi alipokwenda Seneti mwaka 1881. Akafuata Nelson Dingley, mwenye gazeti la Lewiston, aliyekaa hadi alipofariki mwaka 1899, na ambaye sheria ya ushuru wa forodha ya 1897 hujulikana kwa jina lake. Republican cha wakati ule kilikuwa chama cha Waprotestanti wenye asili ya Uingereza, wakulima na wenye viwanda, na kilishinda Maine kama mvua ya masika inavyokuja kwa msimu wake. Hata kura zenyewe zilipigwa Septemba, miezi miwili kabla ya taifa zima, utaratibu uliodumu hadi 1958, na ndipo ulipozaliwa usemi kwamba inakoelekea Maine ndiko taifa linakoelekea. Usemi huo uliaibika mwaka 1936, pale Maine na Vermont zilipobaki peke yake kumkataa Franklin Roosevelt.

Lakini ndani ya Lewiston kulikuwa na watu wengine, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu habari zao zinakuhusu. Kuanzia miaka ya 1860 na 1870, maelfu ya Wakanada wa Quebec, Wakatoliki wanaosema Kifaransa, walishuka kwa treni kuja kufanya kazi katika viwanda vya pamba kando ya mto Androscoggin. Nyingi kati ya zile nyumba za ghorofa za mbao zilizo katikati ya mji, ambamo leo wamo Wasomali, Wakongomani na Waangola, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa aina yao. Wenyeji hawakuwapokea kwa maua. Mwaka 1892 katiba ya Maine ilibadilishwa ili mpiga kura mpya alazimike kuweza kuisoma katiba kwa Kiingereza na kuandika jina lake, na katika miaka ya 1920 kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilipata wafuasi wengi Maine kwa kuwahubiri vibaya Wakatoliki hao. Wao wakajibu kwa kujiunga na chama ambacho hakikuwa cha mabwana wa kiwanda. Ndiyo asili ya Lewiston kuwa ngome ya Democratic ndani ya bahari ya Republican, na ndiyo ngome iliyompeleka Daniel McGillicuddy, mwanasheria wa Lewiston mwenye asili ya Ireland, bungeni mwaka 1910. Alifanya kazi yenye maana, kwani sheria ya 1916 ya fidia kwa wafanyakazi wa serikali kuu wanaoumia kazini ina jina lake. Mwaka huohuo alishindwa na Wallace White wa Republican. McGillicuddy ndiye aliyekuwa wa mwisho kung'olewa kwa kura kwa zaidi ya karne moja.

White alikwenda Seneti mwaka 1931. Mwaka 1932, kiti kikiwa wazi katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Edward Moran wa Democratic akakichukua. Alipoondoka mwaka 1936 kikarudi Republican kwa Clyde Smith. Clyde alifariki Aprili 1940, na mjane wake, Margaret Chase Smith wa Skowhegan, aliyekuwa akimsaidia kama katibu, akagombea katika uchaguzi mdogo.

Huyu mama anastahili tusimame kidogo. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliingia bungeni kwa mlango wa msiba, jambo ambalo wengi walidhani litaisha baada ya miezi michache, naye akakaa miaka minane, kisha mwaka 1948 akashinda useneta na kuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa amehudumu katika mabaraza yote mawili. Tarehe 1 Juni 1950 alisimama katika Seneti, akiwa bado mgeni humo, akasoma tamko la kupinga kampeni ya hofu na tuhuma iliyoongozwa na Joseph McCarthy, ambaye alikuwa seneta wa chama chake mwenyewe. Naamini kipimo ambacho watu wa eneobunge la pili wanakitumia hadi leo, kwamba mbunge wao aweze kukikatalia chama chake mchana kweupe, kilichongwa na mama huyu zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Kiti kikawa mlango wa Seneti. Margaret Smith alishindwa mwaka 1972 na William Hathaway, aliyekuwa mbunge wa eneobunge la pili. Hathaway naye akashindwa mwaka 1978 na William Cohen, aliyekuwa mbunge wa eneobunge hilohilo. Cohen alipostaafu, nafasi ilikwenda kwa Susan Collins, mzaliwa wa Caribou huko Aroostook. Nafasi moja ya useneta, watu wanne mfululizo, na wote mizizi yao iko upande huu wa Maine.

Rudi sasa kwenye kiti chenyewe uone jinsi kanuni inavyojirudia. Mwaka 1956 aliyekuwepo hakugombea tena, akaingia Frank Coffin wa Lewiston, Mdemokrati aliyekuwa amesaidiana na Edmund Muskie, gavana wa Maine wakati huo, kukijenga upya chama chao. Mwaka 1960 Coffin aligombea ugavana, Republican wakakirudisha. Mwaka 1964 Clifford McIntire alikwenda kupambana na Muskie katika useneta, Hathaway akakichukua kwa Democratic. Hathaway alipoondoka mwaka 1972, Republican wakampata Cohen, meya wa zamani wa Bangor na mtoto wa mwoka mikate, ambaye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelizoea wakati ule: alilivuka eneobunge lote kwa miguu, mamia ya maili, akilala katika nyumba za watu waliomkaribisha njiani. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa Warepublikan wachache wa kamati ya sheria waliopiga kura ya kumshtaki Rais Nixon. Akafuata Olympia Snowe mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 31, yatima aliyelelewa na ndugu zake Auburn, ng'ambo tu ya mto kutoka kwako. Alikaa miaka 16, ingawa mwaka 1990 alinusurika kwa asilimia 51 kwa 49.

Alipohamia Seneti mwaka 1994, Democratic walikipata kiti kupitia John Baldacci wa Bangor, ambaye familia yake ilikuwa na mgahawa wa Kiitalia na ambaye kampeni zake zilijulikana kwa karamu za tambi, za bei ya kila mtu. Alishinda bila kufikia nusu ya kura, kwa kuwa wagombea walikuwa wanne. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia. Alipogombea ugavana mwaka 2002, nafasi yake ilichukuliwa na Mike Michaud, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Great Northern kule East Millinocket, kazi aliyoifanya kwa takribani miaka 29 kama baba na babu yake walivyoifanya. Fikiria maana yake kwa mtu wa mji ule. Mbunge wake anajua harufu ya kiwanda, anajua zamu ya usiku, ana kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni. Katika miaka hiyohiyo eneobunge lilikuwa likimpa kura mgombea urais wa Democratic kila mara, tangu Clinton mwaka 1992 hadi Obama mwaka 2012, aliyeshinda huko kwa zaidi ya pointi 8.

Kisha viwanda vikafa. Kile cha Millinocket kilisimama mwaka 2008, cha East Millinocket na cha Bucksport mwaka 2014, cha Madison mwaka 2016, cha Jay mwaka 2023. Kila kimoja kilikuwa ndicho mji wenyewe: kodi ya shule, wateja wa duka, sababu ya kijana kubaki. Walioachishwa kazi walikuwa wamesikia kwa miaka 20 kwamba mikataba ya biashara ya nje itawafaa. Mwaka 2014 Michaud aligombea ugavana dhidi ya gavana aliyekuwepo, Paul LePage wa Republican, akashindwa, na kiti kilichobaki wazi kikachukuliwa na Bruce Poliquin wa Republican, naye pia bila kufikia nusu, kwa kuwa mgombea huru alichukua takribani kura moja katika kila kumi. Mwaka 2016 Trump alishinda eneobunge hilo kwa zaidi ya pointi 10. Mabadiliko ya pointi karibu 19 ndani ya miaka minne ni makubwa mno, na sioni namna ya kuyaeleza kwa haki bila kuanzia kwenye mageti ya viwanda yaliyofungwa.

Hapa kuna sheria moja unayopaswa kuijua. Katika majimbo karibu yote ya Marekani, anayeshinda jimbo huchukua wajumbe wote wa kumchagua rais. Maine, kwa sheria ya 1969 iliyoanza kutumika mwaka 1972, hutoa wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo zima na mmoja mmoja kwa mshindi wa kila eneobunge. Kwa miaka 44 sheria hiyo haikuonekana kuwa na kazi. Mwaka 2016 ndipo wajumbe wa Maine walipogawanyika kwa mara ya kwanza tangu 1828, na wamegawanyika tena 2020 na 2024: watatu kwa Democratic, mmoja, wa kwenu, kwa Trump.

Sasa tuje kwenye Augusta na kupanga wagombea, jambo lililokutia wasiwasi. Maine ina mazoea ya wagombea wengi. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea huru, alimpita Rais Bush kwa kura 316 jimbo zima. Mwaka 2010 LePage aliupata ugavana kwa chini ya asilimia 38. Waliochoka na washindi wa namna hiyo walipeleka hoja kwa wananchi, na katika kura ya maoni ya Novemba 2016 ikapita: mpiga kura awapange wagombea kwa upendeleo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho huondolewa na karatasi zake huhamia kwa chaguo linalofuata lililoandikwa na mpiga kura mwenyewe. Utaratibu huu hutumika katika uchaguzi wa ubunge, useneta na urais, na katika mchujo wa vyama. Hautumiki kuchagua gavana katika uchaguzi mkuu, kwa sababu katiba ya Maine inasema gavana ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, awe amefikia nusu au la.

Mwaka 2018 eneobunge lenu likawa la kwanza katika historia ya Marekani kuamua kiti cha Kongresi kwa njia hiyo. Zitazame hesabu zenyewe. Awamu ya kwanza Poliquin alipata 134,184, Jared Golden 132,013, na wagombea huru wawili walipata 16,552 na 6,875. Karatasi na kadi za kumbukumbu za mashine za kuhesabia kura zikakusanywa kutoka miji yote na kupelekwa Augusta. Wale wawili wa chini wakaondolewa kwa pamoja, na kura zao 23,427 zikatazamwa: 10,427 zilikuwa zimemtaja Golden katika chaguo linalofuata, 4,747 zilimtaja Poliquin, na 8,253 hazikuwa na chaguo jingine lenye kuhesabika kati ya hao wawili. Golden akamaliza na 142,440 dhidi ya 138,931. Poliquin alikwenda mahakamani, na jaji wa mahakama ya shirikisho aliyeteuliwa na Trump mwenyewe akaikataa hoja yake mwezi Desemba. Kwa hiyo, ndugu yangu, kule Augusta hakuna anayeongeza kura. Kinachosomwa ni kile ulichokiandika wewe siku ileile. Ukijaza jina moja katika safu zote halizidi nguvu. Na ukiacha safu mbili mfululizo tupu, karatasi yako inaishia hapo.

Naweza kusema bila kusita kwamba mwaka 2018 ndio uliovunja mwiko wa miaka 102, na kwamba ulivunjika kwa msaada wa sheria mpya. Lakini aliyefaidika alikuwa mtu wa aina ileile ambayo eneobunge limezoea. Golden alikulia kijijini Leeds, akapigana Iraki na Afghanistan akiwa askari wa majini, akasoma Lewiston, akafanya kazi katika ofisi ya Susan Collins, wa chama kingine. Desemba 2019, Baraza la Wawakilishi lilipopigia kura mashtaka ya kutaka Rais Trump aondolewe madarakani, alipiga kura ya ndiyo kwa shtaka moja na hapana kwa la pili. Novemba 2021 alikuwa Mdemokrati pekee katika Baraza la Wawakilishi aliyeukataa mswada mkubwa wa matumizi ya kijamii wa Rais Biden. Wenzake walikasirika. Nyumbani walimwelewa.

Kisha ukaja usiku wa 25 Oktoba 2023, ambao wewe uliyekuwa Lewiston huhitaji kusimuliwa. Watu 18 waliuawa kwa risasi. Kesho yake Golden alisimama hadharani mjini humo, akasema amekosea miaka yote kwa kupinga marufuku ya bunduki za kivita, na akaomba msamaha kwa watu wa Lewiston. Katika eneobunge ambalo uwindaji ni sehemu ya malezi, lile lilikuwa tamko la kuhatarisha kiti, na mpinzani wake wa 2024, Austin Theriault, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano kutoka Fort Kent, alilitumia ipasavyo. Trump alishinda huko kwa takribani pointi 9. Golden alinusurika kwa tofauti ya chini ya kura 3,000. Ina maana maelfu ya watu waliweka alama kwa Trump juu ya karatasi na kwa Golden chini yake, wakitumia kalamu ileile.

Uliuliza huku ni eneo la chama gani. Kwa urais, tangu 2016, ni la Republican, na tofauti si ya kubahatisha. Kwa ubunge lilikuwa la Golden, na hilo ni jibu la jina la mtu kwa sababu hakuna jibu la chama lililo sahihi. Novemba 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena mwaka 2026, na LePage, gavana wa zamani aliyezaliwa mjini mwako katika familia ya wale wasema Kifaransa, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anakitaka kiti. Kiti kiko wazi, hali ambayo imebadilisha chama mwaka 1932, 1936, 1956, 1960, 1964, 1972, 1994 na 2014. Kama jirani yako amepata uraia na hajajiandikisha, mwambie kwamba Maine inaruhusu kujiandikisha siku ileile ya kura. Bunge la jimbo liliiondoa haki hiyo mwaka 2011, na wananchi wakairudisha kwa kura ya maoni Novemba ya mwaka huohuo.